Mgongo wa Friji

Jumatatu, 6 Julai

Kipupwe kimeingia dukani bila kupiga hodi. Asubuhi nilishindwa kutunga uzi kwenye sindano, vidole vigumu kama misumari. Hita kubwa ninayo, lakini nikiiwasha, uniti za umeme zinayeyuka kabla ya vidole vyangu.

Habari kubwa: mama wa kwaya amepita. Anataka majoho ishirini na mawili! Wanakuja kupimwa Jumamosi. Ila ametoa sharti, tena kwa sauti ya kusikika hadi mtaa wa pili: waimbaji wake watavua makoti ndipo wapimwe, na duka likiwa na baridi atawavusha barabara awapeleke kwa Miwani.

Miwani ni fundi cherehani mwenzangu, duka lake linatazamana na langu. Simchukii. Namwombea tu wateja wapungue.

Sharti hilo najua lilikotoka. Kipupwe kilichopita walinzi wa soko walikuja kupimwa sare. Baridi kali, wakakataa kuvua makoti, nami nikawapima juu ya makoti. Kila sare ikatoka na nafasi ya mtu na mgeni wake. Tangu siku hiyo naitwa Fundi Hema. Hata na mama mkwe! Majoho haya yakikaa sawa, jina hilo litakufa. Yasipokaa, nitazikwa nalo.

Jumanne, 7 Julai

Shemeji, dada mkubwa wa mke wangu, ni fundi umeme. Nimemwita anishauri. Alitembea duka lote, hatua nne kwenda, hatua nne kurudi, akaweka kiganja chini ya mlango, akasema upepo unaingia hapo kama unaingia kwao. Nishone mfuko mrefu, niujaze mabaki ya vitambaa, nizibe mwanya. Nitundike pazia zito kuzunguka pembe ya kupimia. Humo ndani niweke hita moja ndogo, iwashwe mtu anapopimwa tu, na pasi iwe imezimwa. Nisihangaike kupasha moto dari, alisema, dari haivai joho.

Basi? Miaka yote ile ya kusomea umeme, halafu ananishauri matambara! Nilimwambia nina akili zangu. Akasema ni kweli, akili ni nywele, kila mtu ana zake. Akatazama upara wangu, akaaga.

Jumatano, 8 Julai

Mpango wa kwanza. Hita ndogo ya nini, na mimi nina pasi tatu? Nilizisimamisha wima kwenye meza ya kukatia, nikaziwasha zote pamoja na hita kubwa. Kwa dakika sita duka lilikuwa pepo. Nilivua sweta. Niliimba.

Dakika ya saba, pwaa! Giza jengo zima. Mama mwenye nyumba anaishi ghorofani na alikuwa na keki kwenye oveni. Alishuka nayo mkononi, imebonyea katikati kama kofia iliyokaliwa. Akaniuliza kama wazimu huu nimezaliwa nao au ninausomea. Niliomba radhi mara nne, moja kwa kila mjukuu aliyekuwa akiingojea ile keki.

Shemeji alikuja kurudisha umeme. Alihesabu pasi zangu kwa kidole: moja, mbili, tatu. Kidole hicho kiliniuma kuliko keki.

Alhamisi, 9 Julai

Nimekwenda kumpeleleza Miwani. Nilijifanya natafuta vifungo vya bluu. Joto la kwake tamu! Mteja yumo ndani na shati tu, anacheka. Niliinama nikatafuta hita kubwa chini ya meza. Hamna. Nyuma ya makabati, hamna. Nilichoona ni kihita kidogo, cha kutosha kupasha paka tu, nyuma ya pazia. Ni msiri sana huyu bwana! Tena mchafu. Wakati wa kutoka nilijikwaa kwenye mfuko wa matambara aliouacha umelala mlangoni. Duka la heshima halilazi matambara mlangoni.

Vifungo nimenunua, kulinda siri. Sina nguo ya bluu.

Njiani nikapita kwa muuza soda. Siku hizi hana wateja, nani anywe soda baridi? Nilimkuta kaegemea mgongo wa friji yake, macho kafumba, anaota moto. Mgongo wa friji! Niliugusa. Una joto! Nilipiga ukelele, akamwaga chai. Kumbe friji ni hita iliyogeuzwa kisogo! Mbele baridi, nyuma joto, na umeme inaokula ni kidogo. Mafundi umeme wote duniani hawajaliona hili.

Ana friji ya pili, ndogo, haina kazi. Nimeiazima.

Ijumaa, 10 Julai

Friji imefika kwa mkokoteni. Nimeielekeza mgongo kwa wateja na mlango ukutani, ili baridi yote iende kwa ukuta. Mlango nimeuacha wazi, ijitume. Kasoro ni moja: kiti changu kiko upande wa ukuta. Wateja wanapata mgongo, mimi napata barafu. Si kitu, mvumilivu hula mbivu.

Shemeji aliingia, akaitazama friji kwa muda mrefu, akauliza inahifadhi nini. Nikamjibu: baridi. Alicheka hadi akakaa chini kwenye vitambaa. Halafu akaomba ufunguo, soketi niliyoiunguza Jumatano haijakaa vizuri. Nikamwachia, nikaenda nyumbani kupasha masikio.

Jumamosi, 11 Julai

Ushindi! Ushindi mtupu!

Nilifungua duka nikakuta shemeji amevuka mipaka. Mlangoni kuna mfuko mrefu wa matambara, mishono ya kutia aibu. Pembe ya kupimia imezungushwa pazia, na humo kuna hita yake ndogo kutoka nyumbani. Nilitaka kung'oa takataka zote hizo, lakini kwaya ikawa imefika.

Waliikodolea macho friji. Nikawaeleza. Wakaingia mmoja mmoja nyuma ya pazia, na kila mmoja akavua koti bila ubishi! Mama wa kwaya alivua koti na sweta mbili, akasema hajapata kupimwa kwa raha hivi. Nilipima watu ishirini na mmoja kama mfalme. Aliyekosa ni mwimbaji kiongozi tu, kalazwa kitandani na mafua. Mara tatu nilitoka nje ya pazia kuipapasa friji mgongoni, kuishukuru.

Karibu na mwisho niligundua kitu cha ajabu. Waya wa friji ulikuwa umechomolewa tangu jana! Shemeji alichomeka hita yake hapo. Hebu fikiria nguvu ya friji hii: imezimwa usiku kucha na bado inapasha duka zima!

Jioni Miwani alivuka barabara kuuliza siri yangu. Nikampa, mimi si mchoyo. Alivua miwani, akaipangusa, akaivaa, akaitazama friji upya. Wivu ulimjaa.

Jumatatu, 13 Julai

Nimepanga duka. Pazia nimeshusha, lilificha friji isionekane kutoka barabarani. Mfuko wa mlangoni nimeutupa, mteja asije akajikwaa. Hita nimemrudishia shemeji kwa shukrani zote, nikamwambia sipendi vya kuazima. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Hakika kabisa! Akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamwonyesha miguu yote miwili, mizima.

Kufika saa nne duka likapoa vibaya. Nimetafakari sana na sababu nimeipata: friji ni moja, imeelemewa. Kesho muuza soda ananiletea na ile yake kubwa.

Alasiri akaja mwimbaji kiongozi, yule anayesimama mbele peke yake watu wote wakimtazama. Mafua yamemwisha. Kaingia, katazama friji, katetemeka, kakataa katakata kuvua koti lake la sufu.

Sikutaka kumsumbua, mtu katoka kuugua. Nimempima na koti lake.