Ndege wa Linux na Ndagala za Yaya Consolée

Jumatatu, 4 Machi

Siku kubwa. Chama cha mama wauza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, hapa Nyamianda kimepewa kompyuta tano na vioo vya jua vya kuwekwa juu ya paa vitoe umeme. Mama Léocadie, prezidenti wao, anatafuta mwalimu. Mwalimu ni mimi. Bado hajajua, lakini ni mimi.

Shida ni Gracien. Ana sekretariati ng'ambo ya barabara, anachapa barua na kutoa fotokopi kama mimi, ila programu inayoendesha mashine yake ni Windows na yangu ni Linux. Leo amesema mbele ya wateja wangu kwamba Linux ni ya mainjinia, mama wa sokoni ataishikia wapi. Nikamjibu kwamba minye nilianza Linux wakati yeye bado anachora herufi kwenye mchanga wa ziwa. (Noella, binti wa dada yangu, ndiye aliyeiweka alipokuja likizo. Yeye alibonyeza. Mimi nilisimamia.)

Mama Léocadie amesikia makelele akakata shauri. Jumamosi tubishane mbele ya chama, kwenye sekretariati yangu. Mama mmoja asiyejua mashine atazijaribu zote mbili. Hapo watachagua, Windows au Linux, na mwalimu.

Nimempigia baba mkwe wangu, mzee Révérien wa Runingu, nikamwambia nimekuwa profesa, aje Jumamosi aone. Huyu mzee, tangu nimwoe binti yake, ananiita "yule kijana". Nina mvi. Ameuliza profesa wa nini. Nikasema mtandao unakatika.

Jumatano, 6 Machi

Nimepata hoja ya kummaliza Gracien. Alama ya Linux ni ndege. Mnene, mweusi, kifua cheupe, kama padri baada ya chakula cha Pasaka. Noella alinieleza kwamba ndege huyo hali kitu ila samaki. Alama ya Windows ni dirisha. Sasa mwuza ndagala atachagua nini, dirisha au ndege anayeijua bidhaa yake?

Nimevuka barabara kumwambia, nimeshindwa kungoja. Gracien ameuliza ni mwuza samaki gani anayempenda ndege anayekula samaki.

Nimerudi kwangu. Nilikuwa na fotokopi za haraka.

Ijumaa, 8 Machi

Sikukuu ya wanawake, mama wote wamevaa kitenge kimoja. Baada ya maandamano wamepiga kura: atakayejaribu mashine ni yaya Consolée. Dada yangu, tumbo moja! Mungu hasinzii.

Nilikwenda kwake mbio, nikamkuta Gracien ameshafika na soda baridi. Consolée amekunywa soda, ameshukuru, kisha amemwambia kwamba damu si maji. Nikacheka kwa sauti. Akanigeukia na mimi, akalalamika. Mvua hii yote, uani ni tope, ndagala zake zinaanza kunuka, na hatagusa mashine ya mtu yeyote mpaka ziwe kavu. "Weye Placide, kama uko profesa, unikaushie."

Mtu mwingine angekaa chini alie. Mimi niliangalia juu. Juu ya bati la sekretariati yangu kuna kile kioo cha jua kinacholisha batri. Kipana, safi, kinatazamana na jua asubuhi mpaka jioni, na hakuna mtu aliyewahi kukitumia kwa akili. Nilipandisha beseni kwa ngazi, nikazipanga ndagala mojamoja, zote macho juu, mpaka kioo hakionekani tena. Jua likatoka palepale.

Consolée amenibariki. Kesho nitavaa tai.

Jumamosi, 9 Machi

Watu mpaka mlangoni. Mzee Révérien kiti cha mbele, fimbo mkononi.

Gracien ameanza. Windows inajulikana kila ofisi, ikiharibika kuna mtu wa kuitengeneza kila mtaa, na mtoto akiijua haachi kupata kazi. Amesema vizuri, nikamchukia. Mimi nikasema Linux ni ya bure, haikatai mashine kuukuu kama hizi za chama, na mtu akija na kle ya USB yenye virusi haianguki ovyo. Makofi. Nikaongeza kwamba kwa Linux niliwahi kuongoza meli kutoka Kalundu mpaka Kigoma nikiwa nimelala kitandani. Mzee Révérien akakohoa.

Consolée akakaa. Kwenye Windows ameandika jina lake, amefungua picha ya mjukuu. Kwenye Linux ameandika jina lake, amefungua picha ya mjukuu. Akauliza sasa wiki nzima tulikuwa tunabishania nini.

Ndipo mama wakamwona ndege kwenye skrini. Mmoja akasema amesimama kama prezidenti wetu, wakacheka mpaka vitenge vikalegea, Mama Léocadie mwenyewe anafuta machozi. Nikamtazama mzee Révérien. Alikuwa anatabasamu! Nikafungua mdomo nishukuru kama profesa.

Skrini ikawa nyeusi.

Nilieleza kwamba Linux ina adabu, ikishashinda inapumzika. Gracien akasema batri imekufa. Haiwezekani, nikasema, jana jua, leo jua. Wakati huo kunguru walikuwa wanapigana juu ya bati, hatusikilizani. Gracien akapanda ngazi kuwafukuza. Kunguru wakaruka. Halafu tukasikia anacheka, ngazi inatetemeka, anauliza nani amekivalisha kioo cha jua shati la ndagala.

"Ni profesa," akasema Consolée.

Mama Léocadie ametoa hukumu. Linux imeshinda, mama wamempenda ndege. Mwalimu ni Gracien. Gracien akalalamika kwamba Linux haijui. Akajibiwa kwamba atajifunza, afadhali asiyejua Linux kuliko asiyejua umeme wake unatoka wapi.

Mzee Révérien amenishika bega akiaga. "Haya, kijana."

Jumapili, 10 Machi

Nimefikiri vizuri wakati wa mahubiri. Nimeshinda. Linux yangu ndiyo itakayofundishwa, kwa hiyo Gracien ni mfanyakazi wangu, hajaambiwa tu. Na lile la batri ni kosa la kioo. Kioo changu ni kizee, kidogo, hakina nguvu ya kufanya kazi mbili.

Lakini ndagala! Zile walizoacha kunguru zimekauka hadi zinalia kama majani makavu. Baada ya misa mama walinifuata mmojammoja, nami nimepokea mabeseni yote. Nimempigia mzee Révérien kumwambia nimepanda cheo, sasa niko Mkurugenzi wa Jua. Mtandao ukakatika.

Kesho Gracien anafungua masomo, kompyuta zote tano. Nimemhurumia. Mama hawawezi kusoma huku wanawaza samaki wao. Basi nimeamua kumsaidia, na mahali nimeshapaona: paa la chama. Vioo vipya vimeshawekwa, vikubwa, vyenye nguvu, na juu yake hakuna hata ndagala moja. Ngazi nimeshaazima. Ni ya Gracien.