Mashine ya Mama Theopista

Jumatatu, 11 Mei

Siku mbaya. Mdomo wangu ndio mbaya zaidi.

Ofisi yetu ya chama cha kahawa ina makarani wawili walio kwenye majaribio, mimi na Filemon. Nafasi ya kudumu ni moja. Barua ya kuthibitishwa iko mikononi mwa meneja, Mama Theopista, na ataitoa wiki hii.

Wakati wa chai Mama akalalamika. Mashine ya kukaushia nguo, aliyoletewa na binti yake kutoka Ujerumani, inapiga kelele kama nguruwe aliyebanwa mlangoni. Na kule kwake Kibosho mvua haikatiki, jua halijaonekana tangu Pasaka. Jumamosi mjukuu wake anapata kipaimara. Kanzu na vitambaa vya meza vitakauka wapi?

Filemon akaanza kusema kuna fundi anamjua. Nikamkatiza. Nikasema mashine hizo nazifahamu vizuri.

Nazifahamu! Mimi, mwenye stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu!

Mama akasema kumbe Aristides mwanangu ulikuwa umejificha. Filemon akaniuliza kwa upole nilisomea ufundi chuo gani. Nikajifanya natafuta faili.

Jumanne, 12 Mei

Nimetazama video kwenye simu mpaka macho yamewasha. Nimepanda Kibosho baada ya kazi.

Mama akaiwasha. Gu-gu-gu, kisha mlio mrefu. Jirani yake, Mzee Sylvanus, akasimama upande wa pili wa ua. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, kisha akauliza kwa nini tunachinja bila kumwalika.

Nimefungua mgongo wa mashine. Vumbi kama sufu. Vifungo vya shati, msalaba wa rozari. Pipa linalozungusha nguo limekalia virola, vigurudumu vidogo vya mpira, navyo vimelika upande mmoja. Sawasawa na kwenye video! Nikatingisha kichwa kama daktari. Mama akaniletea maziwa.

Labda nina kipaji. Labda shule ilinipoteza.

Jumatano, 13 Mei

Nimepata spea! Duka moja la vifaa chakavu hapa Moshi mjini lina mashine iliyokufa ya aina ileile, ilitoka hotelini. Wamenifungulia virola vyake. Vizima kabisa. Filemon ameviona mezani kwangu na kuuliza kama nimeanza kuuza matairi ya magari ya watoto. Wivu.

Nimerudia video nikiwa chumbani. Yule bwana akatoa virola vya zamani, akaweka vipya, kisha akainua kidole na kusema sasa sikilizeni, jambo la muhimu kuliko yote ni...

Kifurushi kikaisha.

Ningeweza kumwomba Filemon aniunganishe na intaneti yake. Afadhali nife. Jambo la muhimu kuliko yote bila shaka ni kukaza skrubu. Nitakaza sana.

Alhamisi, 14 Mei

USHINDI!

Virola vimeingia. Skrubu zimekazwa. Umebaki mkanda mmoja mrefu, mweusi, wa mpira. Nimeukunja nikautia kwenye mkoba kabla Mama hajauona. Hawa wazungu wana tabia ya kuzidisha vitu.

Mama akajaza kanzu ya mjukuu na vitambaa vya meza. Akawasha. Kimya! Sauti ndogo tu, kama mtu anayepuliza uji. Mama akajishika kifua. Akasema hata friji yake ina kelele kuliko hii. Mzee Sylvanus akaja uani kuuliza kama umeme umekatika.

Filemon naye alikuwa amefika, na mkungu wa ndizi begani. Kujipendekeza! Mama akamwambia aache kubeba ndizi, ajifunze kwa mwenzake.

Nimeshuka haraka kabla ya mvua. Njia nzima nilikuwa najaribu saini yangu mpya hewani.

Ijumaa, 15 Mei

Mama aliingia ofisini na mfuko wa nailoni. Hakusalimia. Akatoa kanzu. Kifuani ina doa la kahawia lenye umbo la pasi, ila kubwa kama sinia.

Pipa halikuzunguka. Mkanda ndio unaolizungusha. Nguo zililala mahali pamoja zikachomwa na joto usiku mzima.

Nikasema, kwa sauti ndogo, kwamba kelele lakini zimekwisha. Mama akasema hata marehemu hana kelele. Filemon akaingiza kichwa kwenye kabati la mafaili. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Kuhusu barua, Mama amesema ataitafakari baada ya sherehe. Nimekwisha.

Baadaye. Sijakwisha! Isale! Sisi Wachagga mtu akikuletea jani la isale kuomba msamaha, huwezi kukataa. Hata awe amekuulia ng'ombe. Nyumbani Rombo ni mbali, na baba atataka kujua nimefanya nini. Lakini uani kwa Mama masale yamejipanga mstari mzima. Nilipanda kimyakimya jioni. Nimeng'oa moja na mizizi yake, lile nene kuliko yote. Mtu akiomba msamaha aombe kwa heshima.

Jumamosi, 16 Mei

Nimelitoa mbele ya wageni wote, ili kuwe na mashahidi. Nilipiga magoti. Mama alibana midomo. Kisha akalipokea. Akasema kanzu amesamehe. Vigelegele! Mjukuu mwenyewe, aliyevaa kanzu ya kuazima inayoishia magotini, akapiga makofi.

Mzee Sylvanus hakupiga. Alilitazama isale, akatazama mizizi, akatembea mpaka uani. Akarudi. Akaweka chini kata yake ya mbege, pombe yetu ya ndizi, ikiwa nusu.

Yale masale ni mpaka! Yalipandwa na baba yake. Familia hizi mbili zimegombania mpaka huo miaka mingi, wazee wakausuluhisha mwaka jana tu. Mzee akasema sasa ameelewa: Mama anatuma msomi na skrubu zake, anajifanya fundi, kumbe anahamisha mipaka siku ya kipaimara. Akaondoka bila kuaga.

Mama akanivuta pembeni. Akasema barua yangu ameshaisaini, iko mkobani. Haitatoka mpaka Mzee Sylvanus arudi kumaliza mbege yake. Niende kwetu, nichukue isale la kihamba cha baba yangu, shamba letu la urithi, nimpelekee. Vinginevyo kiti ni cha Filemon.

Jumapili, 17 Mei

Rombo na mvua hii! Na baba!

Nimetumia akili. Nimepanda gari la Bomang'ombe, nikashukia Kwa Sadala, ambako sijulikani. Nimekuta shamba lenye masale mazuri ajabu. Mwenyewe yuko misani. Safari hii sikugusa mizizi. Mtu hujifunza. Nimekata kwa mkasi, tena ya kona tu, maana ya kona ndiyo yaliyokuwa makubwa. Nimechukua mawili, moja la akiba.

Mzee Sylvanus alilipokea kwa mikono miwili. Akaligeuza. Akasema isale la namna hii hutoka kwa mtu anayejua kutunza kihamba. Akarudi kwa Mama, akanywa kata nzima na kuomba nyingine.

Jumatatu, 18 Mei

Nimeokoka! Karibu.

Mama ameniita. Anasema Mzee amefurahi mno, anataka kwenda kumsalimu baba yangu na kuyaona masale yenyewe. Wataenda pamoja Jumamosi, kwa gari la Mama. Barua nitakabidhiwa hukohuko, mbele ya mzazi, ndiyo heshima. Filemon ameomba kuja. Eti kunipongeza.

Sijatetemeka hata kidogo. Nimewaambia tulishahama Rombo, siku hizi tuko Kwa Sadala, na nimewachorea ramani.

Kilichobaki ni kidogo tu: kumwomba mwenye shamba awe baba yangu kwa siku moja. Hawezi kukataa. Isale la akiba ninalo.