Saloon ya Mzee Obonyo

Jumatatu, 19 Agosti 2024

Leo nimekuwa mtu wa Aldwick! Gari la Kiingereza, milango minne, rangi ya maziwa, viti vya ngozi nyekundu, dashbodi ya mbao halisi. Lilikaa miaka kumi na tisa kwenye zizi la Ng'ang'a kule Kiplombe. Nimempa pikipiki yangu na friza. Emmaculate, mke wangu, nimemwambia friza iko kwa fundi. Ng'ang'a aliwahi kuwa fundi.

Sababu ni moja. Binti yetu Adoyo anaolewa na Kimeli tarehe thelathini na moja. Baba yake Kimeli, Mzee Kipkirui wa Elgon View, ametangaza kwamba bibi harusi atapelekwa kanisani na gari lake jipya la Kijapani. Lake! Mtoto nimempeleka shule kwa baiskeli miaka minane, halafu siku ya mwisho apelekwe na mtu mwingine? Nitampeleka mimi.

Trekta imelivuta mpaka kwetu Kimumu. Majirani walitoka kutazama. Niliwapungia mkono.

Jumatano, 21 Agosti

Khisa, fundi wetu wa mtaa, alifungua boneti, akaifunga, akaifungua tena. Akaniuliza kama nina subira. Nikasema nimekuwa karani wa mahakama miaka thelathini. Akasema basi ninayo.

Mafuta yanavuja sehemu tatu. Taa ya kulia huwaka ukipiga honi. Spea hakuna Eldoret nzima. Lakini saa kumi injini iliwaka! Tukazunguka mtaa. Mashimo yote ya Kimumu yalipita chini yetu bila kubisha hodi.

Marehemu baba aliosha gari kama hili kila Jumamosi, la meneja wa kiwanda. Hakuwahi kuketi ndani. Alifungua mlango, akapangusa kiti, akafunga. Leo nimeketi nyuma peke yangu, mikono magotini, nikaona uchungu. Angelipenda sana.

Rejeta ilichemka. Tulirudi kwa kusukuma.

Ijumaa, 23 Agosti

Emmaculate amejua habari ya friza. Sitaandika alichosema. Kwa ufupi, gari litafute kazi au lifuate friza.

Akili ikafanya kazi papo hapo. Nitalikodisha kwa harusi! Nimebandika matangazo kwenye duka la dawa, buchari na ubao wa kanisa: CLASSIC BRITISH SALOON. VITI VYA NGOZI. BIBI HARUSI ATATOKA AKIWA MALKIA. KIMUMU, KWA OBONYO. Chini nikaandika namba yangu ya simu. Khisa aliuliza kama gari litakuwa tayari. Nikamwambia biashara huanza na matangazo.

Jumapili, 25 Agosti

Simu hazikukoma tangu ibada iishe. Wa kwanza aliuliza laini zitakuwa ngapi. Nikamjibu ni mbili, moja kila ubavu, zimechorwa kwa mkono Uingereza. Akakata simu. Wa pili aliuliza kama tuna draya. Nikasema haihitajiki, maji hayaingii.

Saa tisa akaja Chepkorir, nesi, nywele zote zimefumuliwa, na mfuko wa rasta mkononi. Akauliza saloon iko wapi. Nikamwonyesha. Akachungulia ndani ya Aldwick, akanitazama, akachungulia tena.

Ndipo nilipoelewa. Kwenye vitabu vya magari, saloon ni hili. Kimumu, saloon ni pale unaposukwa nywele!

Mvua ikaanza. Emmaculate akatoka, akasema mgeni hawezi kunyeshewa kichwa wazi, akafungua mlango wa nyuma, akamketisha na kuanza kusuka. Saa kumi na mbili Chepkorir alijitazama kwenye kioo cha pembeni, akasema hajawahi kukalia kiti kama hicho. Mafuta ya nywele kwenye ngozi ya Uingereza! Niliumia. Lakini Emmaculate alikuwa anacheka, mara ya kwanza tangu friza.

Alhamisi, 29 Agosti

Wateja kila siku. Khisa anafungua nati mbele, Emmaculate anasuka nyuma.

Leo ilikuwa zamu ya Adoyo. Mvua ilipiga juu ya bati la gari. Mimi nilikuwa kwenye usukani. Akaniomba nisigeuke, kisha akasema anaogopa. Hamwogopi Kimeli. Anaogopa meza ya Elgon View, watu wakiongea Kikalenjin, na yeye akicheka baada ya wengine kumaliza. Nikamwambia milango ya gari hili ni mizito lakini inafunguka pia kutoka ndani. Mama yake akasema huo ni ushauri wa ajabu. Adoyo akacheka, akasema Jumamosi nimpeleke mimi, hata tukienda mwendo wa konokono.

Nilishika usukani kwa nguvu. Machozi yalikuwa karibu.

Nikampigia Mzee Kipkirui. Akauliza kama gari langu linatembea. Nikasema limeandaliwa vizuri.

Jumamosi, 31 Agosti

Injini iliwaka saa mbili. Ikazimika saa mbili na dakika nne. Khisa akaketi chini. Ibada ni saa nne!

Emmaculate hakupoteza muda. Aliita wateja sita, wengine bado wana rola kichwani, akawaambia wapandishe magauni na kusukuma. Wakasukuma mpaka juu ya mteremko wa kanisa, wakatuachia.

Tukabaki wawili, mimi na Adoyo, tukishuka kimya kabisa. Aliweka mkono begani mwangu. Nilitamani mteremko uwe mrefu zaidi.

Breki bila injini ni ngumu kama jiwe. Nilikanyaga kwa miguu yote miwili, nikavuta na ya mkono. Tulisimama hatua moja kutoka kwa gari la Mzee Kipkirui. Akaja mwenyewe kumfungulia binti yangu mlango. Kisha akainamia boneti, akatega sikio, akasema Waingereza walijua kazi, injini inanguruma na mtu hasikii kitu. Nikamwambia ndivyo walivyolitengeneza.

Nilimshika Adoyo mkono, tukaingia. Nililia wazi, na sikujali.

Jumatatu, 2 Septemba

Aldwick bado liko kanisani. Kurudi nyumbani ni mlima. Mchungaji anataka uwanja wake. Emmaculate anataka saloon yake. Khisa hapokei simu.

Nimefikiri sana, siku nzima ya jana, na nimeona kosa lilikuwa wapi. Gari halikuwa na shida hata kidogo. Shida ilikuwa injini.

Mchana Ng'ang'a amepiga simu. Ana Aldwick jingine, refu kuliko hili, na injini ilishauzwa zamani. Nimemwambia asimwonyeshe mtu mwingine. Hili halina cha kuharibika!