Kopa kwa Jirani

Jumatatu, 1 Septemba 1986

Nafasi moja ya kwenda Dar es Salaam, miezi mitatu, kujifunza kompyuta. Moja! Mzee Melkiadi, mkuu wetu ofisi ya mifugo, kasema ataipata karani atakayewahi kumaliza hesabu za chanjo. Ng'ombe waliopo kila boma, toa waliochanjwa, tujue waliobaki. Mwisho Ijumaa. Maboma mia na themanini yangu, mia na themanini ya Philomena.

Mimi nina Kidato cha Sita, hisabati. Philomena ana kalkuleta, zawadi ya kaka yake. Pia ananukia sabuni ya kuogea, wakati mji mzima tunajisugua na majani ya mpapai. Haki iko wapi?

Jioni Mama Sabaha kanifungia maandazi kwa ukurasa wa gazeti la Kiingereza. Mafuta yamefuta nusu, nusu nimeisoma. Wenzetu wanatengeneza programu ya kugawa kazi moja kwa kompyuta nyingi, zifanye kama moja. Na ni rahisi! Mtumiaji hahitaji kuelewa chochote, anafuata maelekezo tu. Maandazi yamepoa mkononi.

Jumanne, 2 Septemba

Babati haina kompyuta hata moja. Ina mabalozi wa nyumba kumi. Mabalozi kumi na wanane, kila mmoja maboma kumi yake. Mia na themanini kamili! Nimejipenda.

Programu nimeiandika nyuma ya maboksi ya dawa, karatasi hakuna. Andika ng'ombe waliopo. Chini yake, waliochanjwa. Toa. Isipotosha, kopa kwa jirani. Kama darasani: mbili toa saba haiwezekani, unakopa kwa tarakimu ya pembeni. Nani asiyejua?

Nimepiga muhuri wa ofisi kila boksi, kwa heshima. Philomena kaniuliza nimeanza lini kugawa taka. Nikayafunga maboksi kwenye gunia. Gunia zima limeondoka na baiskeli ya ofisi kwenda Nangara, Singe na Bagara.

Alhamisi, 4 Septemba

Mzee Gidamis, balozi wa Singe, kaja ofisini na mtamba kwenye kamba. Nikamwamkia shikamoo. Marahaba binti yangu, huyu hapa. Nikauliza huyu nani. Wa kukopa! Upande wa kulia wa boksi alikuwa na wawili, hesabu ikataka saba, haikutosha, akaenda kwa jirani kama serikali ilivyoagiza. Jirani alikuwa mbishi mpaka alipoonyeshwa muhuri.

Nikauliza wengine wanne wako wapi. Wapo njiani.

Nimemweleza habari za tarakimu. Kasikiliza kwa adabu, kisha kauliza huyo Tarakimu anakaa mtaa gani, maana ng'ombe wake ndio hawajakopwa bado.

Ijumaa, 5 Septemba

Ng'ombe wanazunguka mji mzima. Singe wamekopa Bagara, Bagara wamekopa Nangara, Nangara wamekuja kukopa Singe na kukuta ng'ombe wao wenyewe. Waliochanjwa wamechanganyika na wasiochanjwa. Alama hawana, rangi iliisha mwaka jana.

Mzee Melkiadi kaniuliza kwa sauti ndogo sana yupi kachanjwa. Nikamjibu kwamba hesabu zote kumi na nane zimetosha, hakuna iliyopungua. Kweli tupu! Kakaa chini. Kavua miwani. Kasema, Josephina, toka.

Betri ya Philomena ilikufa juzi. Kamaliza kwa vidole! Vidole, mwaka huu wa themanini na sita! Na nafasi kapewa yeye. Kaniambia pole, shoga. Akaacha harufu ya sabuni ofisi nzima.

Jumapili, 7 Septemba

Adhabu yangu: kila ng'ombe arudi kwao, wahesabiwe upya, ndipo nifikiriwe mafunzo ya mwakani. Kanisani Baba Teodori kaniinamia katikati ya mahubiri kuuliza dume lake litarudi lini. Nikamnong'oneza kwamba serikali inashughulikia. Benchi zima likaguna.

Nimetafakari sana. Programu haikuwa na kosa. Kosa ni kutoa. Kutoa kuna kukopa, na kukopa kunaleta ugomvi. Safari hii ni kujumlisha tu, mtu yeyote anaweza. Toleo la pili, rahisi zaidi, liko tayari, maboksi thelathini na sita, pamoja na mabalozi wa Philomena, nikamilishe wilaya nzima:

Jumlisha ng'ombe wako. Wakizidi tisa, peleka mmoja kwa jirani.

Muhuri nimepiga mara mbili.