Damu Yangu Imenichongea

Jumatatu, 4 Machi

Balaa. Bosi kabandika tangazo kiwandani: wote tutapimwa sukari kwenye damu, ijulikane nani yuko njiani kupata kisukari. Atakayekaribia mstari wa kisukari ataondolewa chumba cha kuonja. Chumba hicho kina mtu mmoja tu. Mimi! Miaka kumi na moja naonja biskuti, leo wananivizia kwa sindano.

Nilipomwambia mke wangu, hakucheka. Alisema baba yangu alianza hivihivi, akaishia kupofuka na kushikwa mkono kwenda chooni. Nikamjibu kwamba mzee hakuwa na mipango. Mimi ninayo.

Njiti wa idara ya kufunga maboksi, anayekitamani kiti changu, alinipa pole mapema. Pole ya nini? Sijafa.

Jumanne, 5 Machi

Chini ya tangazo pameandikwa: "Kila mmoja aje akiwa amefunga." Nilishtuka. Mimi ni mwonjaji, sijawahi kufunga hata boksi moja. Nikajua huo ni mtego wa Njiti. Basi niliwahi alfajiri, nikafunga maboksi arobaini peke yangu. Biskuti zilizovunjika nilizila, maana hazifungiki.

Nesi alinichoma kidole, akatazama kimashine, akakitikisa, akatazama tena. Akauliza kama kweli nimefunga. Nikajibu kwa fahari kwamba nimefunga arobaini, na mgongo unaniuma. Foleni nzima ikaangua kicheko. Kumbe kufunga ni kukaa bila kula! Kiwanda kizima kilielewa isipokuwa mimi. Njiti alicheka mpaka akakaa chini. Nimeambiwa nirudi Ijumaa, tumbo tupu.

Alhamisi, 7 Machi

Mpango mpya, safi kabisa. Siku mbili sijameza kitu kitamu. Kazini naonja na kutema kwenye kopo. Chai nakunywa bila sukari, machozi yananilengalenga. Jioni mke wangu alinikuta nazunguka nyumba mbio, akauliza nani ananikimbiza. Nikasema nakimbilia afya. Masikini, alifurahi, akanikumbatia na jasho langu. Sikumwambia kwamba afya yenyewe inaisha kesho saa tatu asubuhi.

Ijumaa, 8 Machi

Nilimnyooshea nesi kidole kwa madaha. Hakukitaka. Alivuta damu mkononi, kichupa kizima, akaeleza kwamba kipimo hiki hakijali nilichokula jana. Kinatazama wastani wa sukari ya miezi mitatu.

Miezi mitatu! Harusi ya shemeji imo humo, na vipande saba vya keki nilivyosema ni vya watoto. Niliuliza kama damu haisahau. Alisema husahau polepole, miezi mitatu ikishapita. Yaani nimebeba mbea mwilini miaka yote hii na sikujua.

Jumanne, 12 Machi

Majibu. Sina kisukari, ila niko mlangoni. Nesi alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha. Nikiendelea hivi, nitaugua. Nikipunguza sukari na kitambi, nikatembea kila siku, naweza kurudi nyuma. Nilimwona baba akilini, akipapasa ukuta. Niliomba kiti, nikakaa. Niliogopa kweli.

Halafu pigo lingine: Njiti, mwembamba vile, yeye keshavuka mstari! Ameanzishiwa dawa. Nilitaka kufurahi, nikashindwa. Alikuwa amekaa kwenye benchi, karatasi mkononi, nami nikakaa naye.

Bosi kaniacha chumbani kwangu kwa majaribio, kwa kuwa hana mwonjaji mwingine. Nitapimwa tena baada ya miezi sita. Nikikutwa sukari imepanda, natoka.

Jumatano, 13 Machi

Mke wangu kaninunulia viatu vya kutembelea. Tulitembea hadi sokoni na kurudi, kanishika mkono njia nzima. Nikamwapia kwamba nimebadilika. Alilia.

Baadaye niliketi na kalenda. Kipimo kijacho ni tarehe 12 Septemba. Damu hukumbuka miezi mitatu tu, nesi mwenyewe alitamka. Kwa hiyo kila ninachokula kuanzia leo hadi tarehe 12 Juni hakina shahidi! Nimehesabu mara mbili. Nashangaa hakuna aliyewahi kuligundua jambo hili.

Afya naanza Juni. Mwandiko wa leo mnisamehe, mkono mmoja uko ndani ya pakiti ya biskuti za krimu.