Maua ya Saa Kumi na Mbili

Jumatatu, 4 Agosti
Mwezi ujao natimiza sitini. Kustaafu. Kitivo kinaweza kumwongezea mwalimu mmoja miaka mitano, na tunaoitaka nafasi hiyo tuko wawili: mimi na Prasong. Naogopa kustaafu. Nyumbani kuna feni na paka tu. Mkuu wetu, Mama Rachanee, ataamua wiki ijayo. Karani wake, Dada Malee, kaninong'oneza: "Mwalimu, kwenye grupu la simu husalimii mtu. Mama anauliza kama bado upo hai." Prasong hutuma picha ya ua kila alfajiri. Leo waridi la manjano, na dua ya ini lenye afya. Nami je, mwana wa muuza tambi wa Nakhon Sawan, niliyepata udaktari kwa kuchunguza maongezi ya kundi kwenye kompyuta kabla Prasong hajamiliki hata kikokotoo? Kundi nililolichunguza lilikuwa na watu wanne. Watatu walikuwa wasimamizi wangu.

Jumanne, 5 Agosti
Nimeingia grupuni kwa kishindo. Historia ya maongezi ya kundi, kurasa kumi na moja, na ua la manjano juu. Wamesoma sitini na watatu. Hakuna aliyejibu. Kisha Prasong akanikumbusha, mbele ya wote, kwamba kwa desturi yetu kila siku ina rangi yake: manjano ni ya Jumatatu, Jumanne ni pinki. Akatuma okidi ya pinki. Mama akampa moyo.

Jumatano, 6 Agosti
Mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani. Nimeunda programu. Saa kumi na mbili kamili asubuhi inatuma ua la rangi ya siku. Akitokea wa kunishukuru, inamshukuru naye, kwa namna mia mbili. Leo kijani. Moyo kutoka kwa Mama! Jioni Prasong akaja ofisini na ndizi za kukaanga. Akaiomba programu, akaniita kaka mkubwa. Namzidi wiki mbili, na hajawahi kuniita hivyo. Nikampa. Nani angekataa?

Alhamisi, 7 Agosti
Kitivo kizima hekaluni, kulisha watawa. Simu zote kapuni, ndiyo kanuni ya mtawa mkuu. Huku nyuma programu ya Prasong ikalishukuru ua langu la rangi ya chungwa. Yangu ikaishukuru yake. Yake ikaishukuru yangu. Tulipotoka, ujumbe elfu tisa. Simu ya Mama ilikuwa imekwisha chaji, namba ya dereva imo humo humo, na mvua ikashuka. Mimi na Prasong tukamkinga kwa miavuli, kila mmoja upande wake. Wangu ulimchuruzikia begani.

Ijumaa, 8 Agosti
Mama ametoka grupuni. Hadi mchana wote walikuwa wamemfuata. Tumebaki mimi na Prasong, tukishukuriana kwa buluu. Dada Malee kaleta habari: nafasi bado ipo. Kila mmoja aombe radhi kwa barua ya mkono, iwe mezani Jumatatu asubuhi. "Karatasi na kalamu, Mwalimu. Mama anataka kuona mtu alikaa chini akahangaika." Nilikaribia kulia kwa shukrani.

Jumapili, 10 Agosti
Nimehangaika siku mbili. Nimefungua printa ya zamani, nikaifungia kalamu. Inaandika samahani kwa namna mia mbili, herufi zinatetemeka kidogo, kama za mtu mwenye majuto. Saa tisa Prasong akabisha hodi, na ndizi za kukaanga mkononi. Kaka mkubwa, akasema. Nimemtolea na yeye barua moja, kwa mwandiko uleule. Nani angekataa?