Kupinga Taarifa Kwamba Mimi ni Mzima

Mwl. (Mstaafu) Kokushubila Katunzi,
Goba, kilimani, juu ya duka la mabati,
Dar es Salaam.

Mwenyekiti,
Kamati ya Kuhakiki Viungo,
Mfuko wa Tulizo la Wazee,
Dar es Salaam.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: KUPINGA TAARIFA KWAMBA MIMI NI MZIMA

Marahaba. Najua bado hujaniamkia, lakini kwa miaka yangu sabini na moja, na kwa sauti yako ya ujana niliyoisikia kwenye simu, natanguliza kuitikia ili tusipoteze muda.

Nimepokea barua yenu inayosema ombi langu la kadi ya ulemavu limekataliwa kwa kuwa "mwombaji ni mzima wa viungo vyote na ana furaha." Nimeisoma mara tatu. Mara ya nne niliyasomea magoti yangu kwa sauti, taratibu, pamoja na kumbukumbu namba na maneno ya kwenye muhuri, kisha nikajaribu kusimama. Hayakutii.

Barua hii siiandiki kwa mkono wangu. Namtamkia jirani yangu Bi Shehnaz, mke wa Mzee Mohamedraza mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa chini, naye anaipiga kwenye kompyuta ya dukani katikati ya wateja. Ukikuta mahali habari inakatika ghafla, ujue kaenda kupima misumari.

Mie nina baridi yabisi, mwaka wa tisa sasa. Vyeti vya daktari niliviambatisha kwenye ombi. Kadi yenu siitaki kwa ajili ya kuitundika ukutani. Kadi ndiyo inayomwezesha mtu kupewa dawa dirishani kila mwezi bila kulipia. Daktari ameshaniambia kwamba kidole kikishapinda hakirudi. Tangu mnikatae nameza siku moja, naruka siku moja. Siku za rufaa mlizonipa zimebaki tisa. Hiyo ndiyo ishu yenyewe. Mengine yote yaliyomo humu ni hasira yangu tu, na naomba myasome kwa adabu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Salamu. Siku ya usaili, Katibu wako Ndugu Alfonsi, kijana mstaarabu sana, aliniamkia shikamoo nikaitikia. Akauliza habari za nyumbani, nikasema nzuri. Habari za watoto, nzuri. Habari za afya, nzuri, namshukuru Mungu. Sasa naletewa nakala ya taarifa yake, na ukurasa wa kwanza kabisa umeandikwa: "Mwombaji amekiri mwenyewe, mbele ya mashahidi, kwamba afya yake ni nzuri."

Ndugu Mwenyekiti! Hivi nyie mmekulia wapi? Hapa kwetu mtu nyumba yake inaungua, ukimuuliza habari za asubuhi atakujibu nzuri, ila nyumba inaungua. Inatangulia nzuri, msiba unafuata nyuma. Nami nilikuwa nimeshavuta pumzi niingie kwenye "ila", Ndugu Alfonsi akafunua ukurasa mwingine akasema kipengele cha afya tumeshakimaliza, mama. Nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na minne, na sijawahi kumsahihishia mtoto kabla hajamaliza kujibu.

2. Mavazi. Taarifa inasema nilifika "nimependeza." Sasa mlitaka nije na kanga ya kuchotea maji? Ofisi ya watu inaendewa na nguo iliyopigwa pasi. Gauni lile nilianza kulivaa saa kumi na moja alfajiri, nikamaliza saa tatu asubuhi, na vifungo vya mgongoni alinifunga Bi Shehnaz huku mteja wa saruji akigonga kaunta. Kisha mkaniita ndani saa nane mchana. Wenye ugonjwa huu tunajua, asubuhi mwili wote umekakamaa, ikifika saa nane viungo vinalegea kidogo. Hizo ndizo saa zangu mbili za kufanana na watu. Mmenikagua ndani ya hizo hizo, mkaandika kwamba niko hivyo siku nzima.

3. Makazi. Imeandikwa kwamba naishi Goba, sehemu ya mlima, "jambo linaloashiria mazoezi ya mara kwa mara." Waitu, jamani! Mlima huo siupandi. Napandishwa na bajaji, na bajaji zenyewe zinakataa, zinanishusha nusu ya njia zikidai breki mbovu, nangoja nyingine. Kama kukaa mlimani ni mazoezi, basi matangi yetu ya maji nayo yana misuli.

4. Fomu. Hapa nakiri, kosa kidogo ni langu. Fomu ina kurasa kumi na moja, nakala tatu, na juu imeandikwa ijazwe "kwa mkono wa mwombaji mwenyewe, la sivyo itahesabiwa kuwa ya kughushi." Swali la ishirini na mbili linauliza: Je, unaweza kuandika? Kama huwezi, eleza kwa kirefu.

Nilieleza kwa kirefu. Nilichukua gunzi la mahindi, nikalitoboa, nikachomeka kalamu ndani ili nipate kitu kinene cha kushika, nikaandika siku tisa. Tatizo ni kwamba mie nilikuwa mwalimu wa mwandiko. Darasa la kwanza na la pili, maisha yangu yote. Siwezi kupeleka serikalini herufi iliyolewa. Nakala ya kwanza niliichana kwa sababu mkia wa "g" ulikuwa unaning'inia vibaya. Nikaanza upya, natokwa na machozi, gunzi mkononi.

Na Kamati ikaandika: "Mwandiko safi sana, hauonyeshi dalili yoyote ya ugonjwa."

Nilitaka kulia. Halafu, nisikufiche Ndugu Mwenyekiti, nikafurahi. Ni miaka mingi sijasifiwa mwandiko. Bi Shehnaz anasema sentensi hiyo niitoe, itatuharibia kesi. Siitoi.

5. Chupa. Mezani kulikuwa na chupa ya maji. Ndugu Alfonsi akaniambia nifungue ninywe. Sikujua kwamba ni mtihani. Nilidhani ni ukarimu. Nikajaribu, kifuniko kikagoma, nikampa nikamwambia nifungulie mwanangu. Akafungua, nikanywa, nikamwombea heri. Taarifa inasema chupa ya mwombaji ilifunguka bila shida. Ni kweli kabisa, haikuwa na shida hata kidogo. Kijana ana mikono mizuri, Mungu amtunzie.

Na hapo hapo chini imeongezwa kwamba niliinua mkono wa kulia hadi usawa wa kichwa. Nilikuwa namwekea mkono wa baraka kichwani, naye alikuwa ameinama! Kwenye nafasi hii nilitamka neno moja ambalo Bi Shehnaz, mwanamke wa dini, amekataa kuliandika. Ameweka nukta. . . . . . .

6. Miujiza. Barua yenu imenivurugia hata kanisani. Habari zimesambaa usharika mzima kwamba Mwalimu Kokushubila amepona. Mwinjilisti wetu, Godlisten, amenitaka nisimame ibada ya pili nitoe ushuhuda. Nikamweleza kwamba sijaombewa na mtu, nimeponywa na Kamati, kwa barua. Akauliza Kamati hiyo hukutana siku gani. Juzi akaja mama mmoja kutoka Mabibo, kapanda mlima wetu huu kwa miguu, anataka kujua kama mnapokea na wenye ganzi.

Nimelifikiria jambo hili kwa uzito, na naona nchi inapoteza bahati. Kama Kamati inaweza kunyoosha vidole vya miaka tisa kwa karatasi moja, inafanya nini kwenye chumba kile kidogo chenye feni mbovu? Ipewe wodi. Mwenye pumu apewe barua. Aliyevunjika paja apewe barua yenye mihuri miwili. Kiziwi asomewe ya kwake kwa nguvu. Madaktari waliosoma miaka saba wakae nje kwenye benchi, waitwe mmoja mmoja, waje wajifunze.

7. Hili la saba silifanyii mzaha. Jumanne tulikuwa na wageni, ugali na kisamvu. Nikamega tonge, likanidondoka. Nikamega tena, likadondoka. Vidole havikutaka kukutana. Wageni wakajifanya wanaangalia ukutani, wakaanza kusifia kalenda. Mkwe wangu akaniletea kijiko, nikala kwa kijiko kwenye nyumba yangu mwenyewe. Sioni haya kutembelea fimbo. Sioni haya kufungwa vifungo. Lakini naogopa kufika siku ya kulishwa, naogopa kweli kweli, na dawa mlizoninyima ndizo zinazoisogeza siku hiyo mbali. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, kwa hiyo sikulaumu kwa kutojua. Nakulaumu kwa kuandika kwamba nina furaha.

Bi Shehnaz ameondoa vidole kwenye kompyuta. Sasa anapiga tena.

Kutokana na hayo, naomba yafuatayo:

(a) Fomu ya taarifa iongezwe mstari mmoja tu, chini ya salamu, ulioandikwa "Ila". Uwe mrefu. Wazee wataujaza.

(b) Kama hilo haliwezekani na uamuzi unabaki palepale, basi Kamati iniandikie barua za uzima kwa kila kidole peke yake, kumi za mikono na kumi za miguu, kwa sababu vidole vyangu havisikilizani na kimoja hakikubali barua ya mwenzake. Dole gumba la kushoto liandikiwe kwa ukali. Magoti yaitwe ofisini, maana yenyewe barua yameshaidharau. Nauli mtalipa nyie.

(c) Na kama hata hilo ni gumu, naomba niteuliwe mjumbe wa Kamati. Sifa ninazo, na nyie wenyewe mmezithibitisha kwa muhuri: mzima, mwenye furaha, nimependeza, mwandiko safi, mazoezi ya mlima mara kwa mara. Nitaripoti kazini saa nane mchana na kuondoka saa kumi. Nitahitaji kiti chenye mikono, mtu wa kunifungulia faili, mtu wa kunigeuzia kurasa, na Ndugu Alfonsi kwa ajili ya chupa. Kila mzee atakayeingia nitamwamkia nimuulize afya, akisema nzuri nitaweka kalamu chini, nitamtazama usoni, na nitangoja hata kama ni mpaka jioni.

Nikitoka hapo nisalimie wote: Ndugu Alfonsi, na mama yake aliyemlea vizuri, mlinzi wa getini aliyenipa kiti chake akasimama juani, dada wa chai aliyekoroga sukari bila kuambiwa, na yeyote hapo ofisini aliyewahi kupitia kwenye mikono ya mwalimu wa darasa la kwanza, yaani nyote. Bi Shehnaz naye anasalimu, na anasema mabati ya geji ishirini na nane yamefika, kama mnajenga.

Ni mimi mwenye viungo vyote, kila kimoja na malalamiko yake,

(Dole gumba la kulia. Saini siweki, mtaisifia.)

Mwl. Kokushubila Katunzi

N.B. Nilikuwa nimeshamaliza, lakini Bi Shehnaz amegoma kuichapa mpaka niseme na hili, maana kwake yeye kunyamaza nako ni uongo. Jumamosi hii ni sendofu ya mjukuu wangu Loveness, anaagwa kwenda kuolewa, ukumbi uko Kunduchi. Bibi mzaa mama huingia akicheza kutoka mlangoni hadi meza kuu, na MC ameshaniweka kwenye ratiba. Nimekubali. Nafanya mazoezi tangu Pasaka, nimeshika chaga za kitanda. Wimbo ni wa singeli, niliuchagua mwenyewe, na katikati pana mahali pa kushuka mpaka chini. Kwa hiyo ikizunguka video kwenye magrupu, bibi kavaa kilemba cha njano, yuko sakafuni na ukumbi mzima unapiga vigelegele, msihangaike kuchunguza, ni mimi. Video haitaonyesha shangazi zake wawili niliowapanga waje waniinue, wala haitaonyesha Jumapili, Jumatatu na Jumanne, nitakapokuwa nimelala chali nikiita watu wanigeuze. Daktari amenikataza, binti yangu amenikataza, na sasa nakupa na wewe nafasi ya kunikataza kwa maandishi. Mjukuu wa kike ninaye mmoja. Mkitaka kuninyima kadi kwa sababu hiyo, ninyimeni, nitakata rufaa nyingine. Lakini Jumamosi nashuka.